Nilivyomsindikiza Dada Nafula Kampala Bila Kuombwa

Tangu nirudi, kila anayekalia kiti changu cha kunyolea ana maswali mawili. La kwanza: Wekesa, Kampala kulikuwaje? La pili: mbona umetundika pazia mlangoni, duka limekuwa giza kama tumbo la ng'ombe? Na nikianza kujibu, mashine inasahau kazi. Juzi nimemnyoa Simiyu upande mmoja tu, akaenda hivyo kwenye harusi ya mpwa wake, na vijana watatu wakanijia kesho yake wakitaka mtindo uo huo.

Kwa hivyo nimeamua kuandika yote mara moja kwenye simu, kwa kidole kimoja, niwatumie nyote. Shule mnajua niliiacha darasa la tatu, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujakubaliana. Msinihesabie makosa. Someni tu mpaka mwisho, maana mwishoni kuna kitu nawaomba, na nikikiomba sasa hivi hamtanielewa.

Jambo lingine. Habari za barabarani nitawapimia kwa kipimo changu kile mnachokijua. Lakini maneno ya dada yangu nitayaweka vile alivyoyasema, chumvi sitii hata punje. Hayo ni masharti yake aliponikubalia niwaandikie. Mkifika mahali mkaona hadithi imepoa, mjue hapo ni kweli.

Kitale mpaka Malaba

Safari haikuwa yangu. Niliipata kwa mteja. Yule jamaa anayeuza nafasi za basi alikuwa amekaa kwangu, povu mpaka masikioni, akasema, "Dada yako anaenda Kampala Jumatatu."

"Dada yupi?"

"Nafula. Amechukua kiti kimoja."

Nilishtuka nikamkata kidogo, ile alama iko bado. Nafula! Dada yangu mkubwa, mjane, mtu wa maneno matatu kwa siku, na la tatu ni la kuaga. Na mimi sina habari? Mimi ambaye duka langu linatazama geti la zahanati uso kwa uso, ambaye hakuna mtu wa mtaa huu amewahi kuingia pale na kikohozi nikakosa kujua kikohozi ni cha aina gani? Jioni hiyo hiyo nilikuwa kwake. Nilimkuta anachambua maharagwe.

"Ati unaenda Kampala?"

"Naumwa kidogo. Naenda kuonwa."

"Unaumwa nini?"

"Naumwa."

"Sasa Eldoret kuna hospitali kubwa ambayo ukiingia asubuhi unatoka na ndevu. Kampala ya nini?"

"Nimeamua Kampala."

"Basi tunaenda wote. Mwanamke mgonjwa haendi nchi ya watu peke yake mimi nikiwa hai."

Aliacha maharagwe. Akaniangalia kwa muda, kama fundi anayepima kitambaa akiona hakitoshi. Kisha akasema, "Haya."

Mimi nikajua amefurahi. Nikaenda nyumbani nikijiona ndugu wa kupigiwa mfano.

Tukaondoka Jumatatu. Dada alikaa dirishani na mkoba mapajani, ameukumbatia kama mtoto. Mimi nikakaa pembeni yake nikiongea kuanzia Kitale, nikavuka Webuye, nikavuka Bungoma, na tulipofika Malaba nilikuwa bado kwenye utangulizi. Foleni ya malori pale mpakani, ndugu zangu, mkia wake uko Mombasa. Nilimwona dereva mmoja wa lori ambaye amengoja mpaka ameoa pale pale, akajenga, akafuga kuku. Mambo ya vitambulisho na mihuri nayaruka, hayana ladha. Tulivuka kwa miguu, tukapanda basi la upande wa pili.

Msitu wa Mabira

Basi hilo lilikuwa refu. Dereva alifika Jinja wakati sisi wa nyuma bado tuko Iganga tunanunua karanga. Tukavuka Nile, kila mtu akanyoosha shingo, halafu tukaingia msitu wa Mabira, na hapo katikati ya miti, pu! Mkanda wa injini umekatika. Dereva akashuka, akatazama, akarudi, akasema kwa Kiswahili chake, "Munashuka yote. Mukanda natoka Mukono."

Saa nne nzima tulikaa pale. Nyani wakatoka msituni kututazama. Mkubwa wao alipita akitukagua kama kondakta, na nawaambia kuna abiria mmoja alimwonyesha risiti.

Watu wakakaa kwenye nyasi. Dada akajitenga kidogo, kwenye gogo. Mama mmoja wa Mbale, mnene, mwenye roho nzuri na jogoo kwenye kikapu, akamsogelea.

"Mama, naona wewe ni mugonjwa. Pole. Naumwa nini?"

Dada akafungua mdomo. Naapa, aliufungua. Lakini mimi nilikuwa nimeshajibu.

Sikujua anaumwa nini. Hakuwa ameniambia. Na nyinyi mnanijua, mimi nisipoambiwa kitu huwa najaza. Nikawaambia wale watu kwamba dada yangu ana kitu tumboni kinachotembea, kwamba usiku ukiweka sikio unakisikia kikikohoa, kwamba waganga wawili wamekimbia na mmoja ameacha viatu. Abiria wakaja wakatuzunguka. Basi zima! Na kwa kuwa walicheka, nikawapa na ile ya shangazi.

Ya shangazi mnaijua, lakini yupo atakayesoma hii na haijui. Shangazi yetu Rasoa aliwahi kupasuliwa, akatolewa uvimbe. Jumamosi moja hapo dukani nikasema uvimbe wenyewe ulikuwa tikitimaji zima, lina mistari, daktari aliita wapagazi wawili kulibeba, na mmoja akauliza kama litauzwa zima au kwa vipande. Mlicheka mpaka Simiyu akaanguka kwenye kiti. Jumatatu soko lote lilikuwa linamwita Mama Tikitimaji. Mimi nilijivunia. Nilisema, huyo ni mtoto wangu, hilo jina nimelizaa mimi.

Pale Mabira nikaisimulia yote, nikainuka nikaiga na jinsi shangazi alivyokuwa anatembea baada ya kupasuliwa, mkono kiunoni. Dereva mwenyewe alicheka akaangusha spana.

Nilipogeuka kumwangalia dada, alikuwa amejifunika leso kichwa kizima, uso na yote. Nikasema, ah, anasikia baridi ya msitu. Nikamletea sweta langu.

Hakulivaa.

Kuku wa Namawojjolo

Mkanda ukaja, tukaondoka. Kabla ya Mukono kuna mahali panaitwa Namawojjolo, basi likisimama tu, wauzaji wanavamia madirisha na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, na ndizi tamu za kuchoma wanaziita gonja. Mkono mmoja uliingia dirishani kwetu na vijiti kumi na viwili. Sikumwona mwenye mkono. Nadhani hayupo, ni mkono tu unafanya biashara peke yake. Nilikula paja la kuku ambaye kama angekuwa hai angekuwa askari wa magereza.

Nikamnunulia dada kijiti. Alikishika tu, hakula. Nikamuuliza, "Kinakuuma hata ukitafuna?"

"Wekesa," akasema.

"Naam."

"Basi."

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho mpaka Kampala.

Kisugu

Mwenyeji wetu ni Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, anauza vitenge. Zamani alikuwa anavileta mpaka Kitale na alikuwa analala kwa dada, wakapikiana, wakazikiana. Anakaa Kisugu, nyumba ya vyumba viwili, mlango wa bluu.

Kuupata huo mlango ndio kazi. Nilimwacha dada ameketi nje ya duka moja, nikamwendea mama mwenye duka, nikamsalimu kwa sauti yangu ile ya dukani: "Habari yako mama! Ninaomba kuuliza!" Mama akanywea. Akainua mikono. Halafu akaingia ndani akatoka na leseni yake ya biashara, na picha ya marehemu mumewe, akaniwekea mezani. "Afande, mimi iko na karatasi yote."

Kumbe pale mtu akikunguruma Kiswahili bila kukijua Kiganda, wanamdhania mwanajeshi au polisi. Nikamwambia mimi ni kinyozi. Akasema, "Kinyozi ya jeshi?" Nilimwonyesha mkasi. Ndio akazidi kuogopa.

Basi Mama Furaha akatuona kwa mbali akaja mbio, akamkumbatia dada, akamwambia, "Yayangu, karibu, ikala," yaani dada yangu, keti. Alitupikia bugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, na dagaa. Bugali ya Mama Furaha ni mlima, ukikaa upande huu humwoni aliyekaa ule. Mimi nikaanza habari ya Mabira, nikafika kwenye kitu kinachokohoa tumboni, nikanyanyuka niigize. Mama Furaha akaweka mwiko chini.

"Kaka Wekesa, unasemaka sawa redio. Mugonjwa ni wewe ao ni yeye?"

Nikacheka. Dada hakucheka. Aliinuka akaenda kunawa mikono, na Mama Furaha akamfuata, na wakakaa huko nje kwenye karo muda mrefu kuliko mikono minne inavyohitaji.

Hospitalini

Jina la hospitali naliacha, halina haja. Siku ya kwanza foleni, siku ya pili vipimo, siku ya tatu foleni ya majibu ya vipimo. Foleni ya pale, mtu wa mbele alikuwa ameingia akiwa kijana. Kila dada akiitwa, naye anainuka, mimi pia nainuka. Daktari akiuliza, mimi najibu. Kwetu si ndivyo? Mgonjwa anapumzika, aliyemleta ndiye mdomo. Nimeona tangu nizaliwe. Mama alipokuwa anaumwa baba ndiye alikuwa anasema panauma wapi.

Siku ya tatu akaja binti mmoja amevaa kitambulisho shingoni, jina lake Namuli. Ana daftari na kile kimashine kidogo cha kurekodi sauti. Akapiga magoti kidogo kusalimu, kama desturi yao, akatueleza kwa Kiswahili cha Kampala, polepole, akimwita dada nnyabo, yaani mama, na mimi ssebo, yaani bwana.

"Nnyabo, sisi nauliza wagonjwa moja moja. Vile ugonjwa ilianza, vile ulisafiri nayo mupaka kufika hapa. Nini ilisaidia, nini ilizuia. Jina yako siandike. Kama hutaki, hakuna kitu mubaya, dawa yako itaendelea tu."

Dada akasema, "Nataka."

Neno moja, haraka vile! Sikushangaa wakati huo. Niliingia naye chumbani, nikavuta kiti, nikakaa katikati.

Namuli akaweka mashine mezani. "Nnyabo, niambie, nini ilikuchelewesha?"

Mimi nikaanza. Nikamwambia daraja lilisombwa na mto, dada akaogelea na mkoba kichwani. Nikamwambia wauguzi wa kwetu walimfukuza kwa ufagio. Nikamwambia gari la wagonjwa liliitwa likaja limebeba kabichi. Ndugu zangu, niliongea vizuri siku ile. Sijawahi kuongea vizuri hivyo. Lakini nikawa naona kitu: kalamu ya yule binti haisogei. Imelala kwenye daftari kama mtu aliyelala mchana.

Nilipovuta pumzi akaniuliza, "Ssebo, wewe ulikuwa hapo?"

"Hapo wapi?"

"Hapo daraja ilivunjika."

"Nilisikia."

"Nani alikwambia?"

Nikakohoa.

"Ssebo," akasema, kwa heshima yote, "naomba wewe ikae inje. Hii ni ya mugonjwa peke yake."

"Binti yangu, wewe hujui mila yetu. Kwetu mgonjwa hasemi. Mimi ndiye mdomo wake."

"Hapa yeye iko na mdomo yake."

Nikamgeukia dada anitetee. Alikuwa anatazama kile kimashine, si mimi.

"Wekesa," akasema. "Toka."

Nje kulikuwa na benchi, na hapo nikakuta wenzangu watano waliotolewa kama mimi. Waume, mashemeji, mama mkwe mmoja. Midomo sita isiyo na wagonjwa! Nikawachekesha, maana kuchekesha ndiyo dawa ninayoijua. Lakini mlango ule ulikuwa na kioo kidogo juu, na mimi ni mrefu, mnajua, ndege hunisalimia kwanza mimi ndio wanaendelea na safari. Nikachungulia.

Dada alikuwa anaongea.

Sikusikia neno. Niliona tu mikono yake. Ilikuwa inapanda, inashuka, inakunja kitu hewani, inakifungua. Aliongea, akanyamaza, akaongea tena. Kalamu ya yule binti ilikuwa inakimbia mpaka nikaihurumia. Walileta chai ikapoa. Mimi miaka yote nimewaambia watu dada Nafula hana maneno. Nimesimama pale kwenye kioo nikamwona amejaa maneno kama gunia, na katika yote hayo hakuna hata moja aliwahi kunipa mimi.

Wenzangu kwenye benchi wakaniita, "Endelea, Mkenya, ikawaje?" Nikawaambia nimesahau. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Alipotoka, macho yalikuwa mekundu lakini alikuwa anatembea kama mtu aliyetua kuni.

"Amekuuliza nini?"

"Ameniuliza."

"Umemjibu nini?"

"Nimemjibu."

Samaki wa Ggaba

Kesho yake daktari alimwita dada peke yake. Alipotoka akaniambia anataka kula samaki. Mama Furaha akatuelekeza Ggaba, pale ziwani ambapo mitumbwi inashusha samaki na wanawake wanawakaanga hapo hapo. Tukaletewa ngege mmoja kwenye sinia, mkubwa hivi kwamba kichwa kilikuwa kwetu na mkia ulikuwa unaliwa na watu wa meza nyingine, wala hatukugombana. Hiyo ndiyo chumvi yangu ya mwisho. Kuanzia hapa naweka maneno yake.

Dada alikula vizuri. Alipomaliza akanawa, akasema, "Wekesa, nakuambia kitu. Nataka usikie bila kufungua mdomo mpaka nimalize."

Nikatikisa kichwa.

"Yule binti aliniuliza ni kitu gani kilinichelewesha. Nikamwambia, zahanati iko karibu, nafika kwa miguu. Nauli ya kwenda mbali ninayo. Wauguzi hawajawahi kunitukana. Nikamwambia, nina ndugu kinyozi."

Nilifungua mdomo. Akainua kidole.

"Alidhani sijaelewa swali, akauliza tena. Nikamjibu vile vile. Ndio nikamweleza. Hiki kitu nilikigundua mwaka juzi, tunavuna mahindi. Nikajua si kizuri. Asubuhi yake nikaoga, nikavaa ile gauni ya kijani, nikaenda zahanati. Nilifika karibu na geti. Nikasikia kicheko dukani kwako. Nikaangalia, wewe umesimama mlangoni, mkono kiunoni, unamwiga shangazi akitembea. Watu wanalia kwa kucheka. Na kuingia pale getini lazima nipite mbele yako. Nikarudi nyumbani nikavua gauni."

Mitumbwi ilikuwa inaingia. Sikuwa naiona.

"Nilijaribu tena baada ya Krismasi. Ulikuwa umekaa nje na kiti chako. Ulikuwa unamwambia mtu, 'Yule mama ameingia na mkoba mkubwa, huyo ana siri kubwa.' Nikapita moja kwa moja nikaenda sokoni nikanunua chumvi, na chumvi nilikuwa nayo. Sikujaribu tena. Mahindi yakavunwa mara ya pili. Ndio nikatafuta mahali ambapo hakuna anayekujua. Nikachagua Kampala. Nikalipia kiti kimoja."

Akajimiminia maji akanywa. Nikamuuliza kwa macho kama amemaliza. Alikuwa bado.

"Daktari anasema ningekuja wakati ule, ilikuwa kazi ya asubuhi moja na kurudi nyumbani. Sasa ni kazi ya miezi. Na hanipi ahadi."

Amesema hivyo tu. Ugonjwa wenyewe hakunitajia, na mahali ulipo mwilini hakunionyesha. Mpaka leo sijui. Ndiyo maana hamuoni humu. Mtaniuliza, na najua mtaniuliza, na jibu ni kwamba hicho ni chake.

Nilimwambia, "Dada, nisamehe."

Akasema, "Nitaona." Kisha akanisogezea kipande cha samaki kilichobaki, kile cha shavuni, maana tangu utoto anajua ndicho nakipenda. Hapo ndipo nilipolia. Mwanamke aliyemkaanga yule samaki akaja kuuliza kama pilipili imezidi.

Tulipoinuka nikamwambia nitabaki Kampala mpaka matibabu yaishe, nitalala hata kwenye karo la Mama Furaha.

"Hapana. Mama Furaha atanisindikiza. Wewe rudi."

"Nirudi lini kukuona?"

Alifikiri tukitembea. Akasema, "Siku nikisikia shangazi anaitwa kwa jina lake pale sokoni, siku hiyo njoo. Utakaa na mimi, hata ndani kwa daktari utaingia."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Nikaona ni kitu chepesi.

Kurudi na kiti kitupu

Mama Furaha alinifungia dagaa kwenye gazeti, akanishika bega mlangoni. "Kaka, njo vile. Mimi niko naye. Wende muzuri."

Basi la kurudi lilikuwa na kiti kitupu pembeni yangu. Namawojjolo mkono uliingia na vijiti vyake, sikununua. Mabira basi halikuharibika, lilipita kama mtu aliyekasirika. Baada ya Jinja akapanda mzee mmoja, akakaa kile kiti, akauliza, "Bwana, natoka wapi? Natoka kuona mugonjwa?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Naumwa nini?"

Ndugu zangu, nilikuwa na majibu kumi. Yalipanda yote mpaka hapa kooni, mazuri mazuri, mengine yana mkia. Nikasema, "Sijui, mzee." Akangoja niongeze. Sikuongeza. Tulikaa hivyo mpaka Malaba, na yule mzee akanipa kipande cha muwa kwa sababu alidhani ninayeumwa ni mimi.

Sokoni, meza ya tatu

Sasa pazia. Nilipofika nilikigeuza kiti cha kunyolea kitazame ukutani nisilione geti. Nikakuta kioo changu kinalionyesha geti lote, mpaka bati la juu. Ndio nikanunua lile pazia. Duka likiwa giza, vumilieni. Jana kuna mtu alipita pale nje, nikasikia hatua zake zinapunguza, halafu zikaendelea, halafu geti likalia. Sijui alikuwa nani.

Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Sasa ile nyingine.

Nilienda sokoni asubuhi. Shangazi anauza ndengu, meza ya tatu kutoka bomba la maji. Nilisimama mbele yake nikasema, "Shangazi Rasoa, habari ya asubuhi." Akaendelea kupima ndengu. Nikarudia. Akainua macho akatazama nyuma yake kwanza, aone ni nani anaitwa.

Kabla hajanijibu akapita binti wa sukuma wiki, yule aliyehamia hapa juzijuzi, mtoto mwenye adabu. Akamshika shangazi mkono kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Umeamkaje, Mama Tikitimaji?"

"Vizuri, mwanangu," shangazi akasema.

Nikamvuta yule binti pembeni. Nikamwambia hilo si jina lake. Akashtuka sana. "Kwani si ndilo? Hata kanisani alipougua mwezi jana tulimwombea kwa jina hilo."

Nilirudi kwa shangazi nikamwambia yote niliyokuja kumwambia. Alisikiliza akiokota vijiwe kwenye ndengu. Mwishoni akasema, "Wekesa, nimeshazoea. Usiwasumbue watu." Akanifungia kikombe cha ndengu nipeleke nyumbani.

Ni wiki ya tano sasa. Nimepita meza kwa meza. Wakubwa wananicheka, wanadhani ni mwanzo wa hadithi mpya, wanangoja nifike kwenye utamu. Mimi mwenyewe niliwafundisha kwamba mdomo wangu ukifunguka ni mchezo. Kila Jumapili nampigia dada. Sauti yake inakuwa nyembamba. Ananiambia amekula nini, Mama Furaha amepika nini, dawa amepata ya mara ngapi. Halafu anauliza, "Sokoni wanamwitaje?"

Namwambia, "Bado." Sijamdanganya hata mara moja.

"Haya," anasema.

Jina lile nililitoa mimi kwa dakika moja, nyinyi mkicheka. Kulirudisha peke yangu nimeshindwa. Kwa hivyo ndicho ninachowaomba, wewe Simiyu, na wewe wa mabasi, na nyote mliokaa kwenye kile kiti. Anaitwa Rasoa. Anauza ndengu, meza ya tatu kutoka bomba la maji. Mkipita kesho msinunue kama hamtaki, lakini mwiteni, na mumwite kwa nguvu, Rasoa, soko lote ligeuke, dada yangu asikie mpaka Kampala.